Shangazi, wananilipa nimfute ng'ombe niliyemchora mwenyewe

Shangazi shikamoo,

Mimi ni mwanaume wa miaka 34, nina mke na watoto watatu, naishi wilaya ya Magu huku Mwanza, sio mjini, ni kwenye kasenta kamoja kako kwenye barabara kuu ya kwenda Musoma. Kazi yangu ni kuchora. Nikisema kuchora watu wanafikiria zile picha za kutundika sebuleni, hapana, mimi ukuta wenyewe ndio picha. Naandika maduka, nachora saluni (vile vichwa vya vijana walionyoa kiduku unavyoviona mlangoni, hapa kwetu vyote ni mkono wangu), nachora ramani ya Tanzania na mfumo wa chakula kwenye kuta za shule ya msingi, naandika majina ya mitumbwi kule mwaloni, na makaburi pia naandika. Makaburi ndio wateja wazuri kuliko wote Shangazi, wafiwa hawakopi.

Sijasomea popote. Kuna mzee mmoja alikuwa anaandika malori, alinichukua nimwoshee brashi, miaka miwili sijaruhusiwa kugusa rangi, naosha tu na kupiga msasa. Ndio shule yangu.

Sasa ishu yenyewe ni hii. Mwaka juzi mjomba wangu, mdogo wake mama tumbo moja, alijenga duka pale magari yanaposimama. Akaniambia mjomba nipambie huu ukuta wa pembeni, tutaelewana. Mimi nikaingia kichwa kichwa kwa sababu ule ukuta ni mkubwa, umepigwa lipu vizuri na unatazama barabara, ukuta kama ule kijijini haupati mara mbili. Nikakaa nao wiki tatu. Nikapiga msasa, praima, nikauchora miraba kwa uzi wa chaki, afu nikamchora dume la ng'ombe wa kwetu, yule mwenye nundu na pembe fupi, nyuma yake wanawake wanapepeta mpunga na kule mbali ziwa na tanga moja. Rangi ya mafuta tupu, makopo yote nimenunua mwenyewe, na brashi mbili ziliisha palepale, kama laki na themanini hivi na hapo siku zangu sijahesabu. Lile jicho tu la ng'ombe nililirudia mara nne, mwisho nikaweka katone keupe kwa njiti ya kiberiti, na likakubali, ukienda kushoto linakuangalia, ukienda kulia linakuangalia. Watoto walikuwa wanakimbia mbele yake kulijaribu.

Ikafika mahali makonda wakaacha kutaja jina la senta, wakawa wanaita "wa kwenye ng'ombe mpo?" na watu wanashuka. Yani mimi nimekaa nyuma ya gari nasikia hivyo, sikuwa na la kusema.

Mjomba hela hajatoa. Kila nikiuliza, tutaelewana.

Mwaka jana mwezi wa tisa, Jumamosi, niko shuleni juu ya ngazi, watoto wakaja mbio, ng'ombe wako anapakwa rangi. Nimefika nimekuta pikapu, vijana watatu na rola, ndoo za lita ishirini, wameshafika kwenye nundu. Kuna kampuni (sitaitaja) ina utaratibu wa kupaka duka zima bure kwa rangi yao na nembo yao, na mwenye duka anapewa mwavuli na viti vinne vya plastiki. Mjomba ananiambia "mjomba, hii ni biashara, elewa." Nikasimama na baiskeli yangu mpaka wakamaliza. Saa sita mchana hakuna ng'ombe, hakuna ziwa.

Mvua za mwezi wa kumi na moja zikapiga, rangi yao ikaanza kubanduka vipande vipande kama ngozi ya nyoka, na Shangazi kilichotokea cha kwanza ni lile jicho. Sa hivi ukuta wote ni rangi ya kampuni na katikati jicho la ng'ombe linakutazama. Watu wanasema nimeroga.

Wiki iliyopita wakala wao kanipigia simu. Anasema vijana wao waliharibu kazi, ana maduka kumi na mawili kuanzia hapa kurudi mjini yanatakiwa kurudiwa, namba yangu kapewa na mjomba huyohuyo. Anatoa elfu arobaini kwa duka, rangi anatoa yeye. Na la kuanza nalo ni la mjomba, nimkwangue ng'ombe mpaka aishe, nipake, nichore nembo. Mke wangu anasema nisipochukua hiyo kazi nisimuulize tena habari ya unga. Halafu nina rafiki yuko Dar ananiambia achana na hao, njoo huku uchore tembo na twiga wa kuuzia watalii.

Nichukue? Nikatae? Niende Dar? Na mjomba nimfanyeje, maana naona hata salamu inanikaba. Na je sheria hainilindi kabisa, mtu anaweza tu kuja akafuta kazi yangu?

Ni mimi, Mchoraji wa Magu

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili na ile ya pili ilikuwa kwa ajili ya jicho tu. Marehemu mume wangu alikuwa mwandika malori kwa hiyo najua mtu anaporudia kitu mara nne wakati mteja angeridhika na mara moja. Najua pia harufu ya thina kwenye mashuka na najua mwezi unaoisha bila hela wakati mji mzima umeandikwa na mume wako. Kwa hiyo nitakuwa upande wako, na kwa sehemu nitakuwa upande wa mke wako, uvumilie.

Tuanze na mjomba, yeye ndiye anayekuuma ingawa umemweka mwisho. "Tutaelewana" sio bei mwanangu. Lile neno ukilisikia ujue mtu bado hajaamua kama atakulipa. Ungemwambia siku ileile mjomba, kazi ni wewe kununua makopo, mimi mikono yangu ni zawadi, angenunua makopo manne au angekataa, na vyovyote usingekuwa umetoboka laki na themanini. Sasa hilo limepita. Nenda kwake jioni, bila kelele, mama yako akiwepo, umwambie mjomba siku zangu nimekusamehe ila rangi nataka unirudishie, hata kwa sukari na mafuta ya kula kidogo kidogo kwenye daftari la dukani mpaka iishe. Mwenye duka kutoa hela anaona kama anang'olewa jino, ila bidhaa anatoa. Na mke wako atapata huo unga anaouzungumzia.

Kuhusu ukuta. Ukuta ni wa mjomba. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ipo na inawahusu hata wachoraji, na mchoro wako unalindwa tangu siku ulipouchora. COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, unaweza kwenda kuuandikisha ili uwe na ushahidi, ila haki haisubiri uandikishe. Mtu akipiga picha ng'ombe wako akamweka kwenye fulana akauza bila wewe kujua, hapo una pa kusimamia. Lakini kumzuia mtu kupaka rangi nyumba yake aliyojenga kwa hela yake, tena huna hata karatasi moja mliyoandikiana, na ni mdogo wake mama yako, mimi sikushauri uende huko. Utatumia nauli ya Mwanza mara kumi na mwisho mtakutana msibani hamsalimiani.

Haya, dili la wakala. Chukua. Ila sio kwa bei hiyo na sio kwa mpangilio huo, na nikuambie kwa nini wewe ndiye una nguvu hapo na hujaiona.

Kwanza jiulize kwa nini ile rangi ilibanduka. Wale vijana walipaka rangi ya maji juu ya rangi yako ya mafuta iliyoshakauka ikawa inateleza kama sahani, hawakupiga msasa, hawakupaka praima, rola tu na kuondoka. Haina pa kushika. Jua likapiga, mvua ikaingia kwa nyuma, ikavimba, ikaachia. Hakuna uchawi pale, waambie na hao wanaosema umeroga, ingawa kwa biashara ukikaa kimya pia haina neno. Maana yake ni kwamba wakala ameshalipa mara moja kwa kazi mbovu na sasa analipa mara ya pili, bosi wake huko juu anamuuliza, na mtu wa karibu anayejua kuandaa ukuta ni wewe. Hakukupigia simu kwa huruma.

Sasa piga hesabu kama fundi, acha kupiga kama mtu mwenye njaa. Duka la kawaida mbele na pembeni mbili, ukitoa mlango na dirisha, tuseme mita za mraba thelathini na tano. Ukuta mzuri lita moja inakwenda mita za mraba nane mpaka kumi kwa mkono mmoja, mikono miwili hapo ni kama lita nane au tisa. Kwa hiyo kwa hii kazi ndoo ya lita ishirini inamaliza maduka mawili tu, na yeye akikuletea ndoo mbili kwa maduka kumi na mawili ujue anataka uichanganye na maji mpaka iwe uji, na ikipauka jina linaloharibika ni lako. Halafu siku. Kukwangua na kupiga msasa siku nzima, kama ukuta umebanduka vibaya siku moja na nusu. Kupaka mikono miwili na kusubiri ikauke siku nyingine. Nembo na maandishi siku ya tatu asubuhi. Kijana wa kushika ngazi utampa hata elfu nane kwa siku, chakula, nauli ya kwenda kwenye hayo maduka mengine. Elfu arobaini inakubakizia nini? Inakubakizia kiu.

Mwambie hivi, elfu arobaini ni kwa ukuta ulio safi. Ukuta wa kukwanguliwa una bei yake juu ya hapo, na nembo ina bei yake kwa sababu rola haichori nembo. Ukatembelee maduka yote kumi na mawili kwanza, uyapige picha, uandike kila moja linataka nini, umpelekee kwenye simu kama orodha. Nusu ya hela iingie kabla hujalowesha brashi na iliyobaki maduka manne manne, sio mwisho wote. Hapo hata akishusha kidogo utakuwa umefika pazuri. Akisema basi atatafuta wengine, mwache atafute, atarudi baada ya mvua.

Na vumbi hilo la kukwangua usilichukulie poa. Rangi za mafuta nyingine, hasa za zamani, zina madini ya risasi, na ukipiga msasa mkavu unaivuta yote kifuani na unaipeleka nyumbani kwenye nguo. Loweka ukuta kwa maji na piga msasa ukiwa umelowa, vaa barakoa ya vumbi inayobana puani na mdomoni, kitambaa hakitoshi, watoto wakae mbali, nguo za kazi zisilale chumbani. Mume wangu alikuwa ananawa mikono kwa petroli halafu anakaa mezani kula, na kikohozi chake miaka ile ya mwisho sitaki kukielezea hapa.

Sasa ng'ombe. Wewe umeandika kana kwamba unaombwa umchinje, na mimi naona tayari ameshakwenda, kilichobaki ni jicho. Kabla hujamkwangua mpige picha, hivyo hivyo na jicho lake katikati ya rangi ya kampuni, na kama kuna mtu ana picha ya zamani ya ule ukuta mtafute, harusi, mahafali, watu walisimama pale kupiga picha lazima. Ndio ofisi yako hiyo, mteja wa Mwanza mjini hawezi kuja Magu kuona ukuta ila picha ataiona. Mpaka leo umechora karibu senta nzima na nina hakika kwenye simu yako hamna picha kumi za kazi zako.

Halafu niambie kitu kimoja, nyumba yako wewe imepakwa nini? Hujasema, na mimi ninajibu kwa niaba yako, ni tofali tupu. Mganga hajigangi. Kama nyumba yako au hata choo chako kina upande unaoonekana barabarani, mhamishie ng'ombe hapo. Lipu kwanza, na lipu mpya uiache mwezi mzima ikauke kabla ya rangi ya mafuta, usiwe na haraka, chokaa ya saruji mbichi inaila ile rangi. Jicho lile lile na njiti ile ile ya kiberiti, na chini yake namba ya simu kwa herufi kubwa. Makonda jina tayari wanalo, kituo watakisogeza wenyewe.

Kuna kitu sijui kama umewahi kukifikiria. Ukuta wa duka ni ukuta unaouzwa kila mwaka, mwenye duka atampa yeyote anayekuja na mwavuli. Hiyo ni biashara yake, wala hakuwa na nia ya kukutukana. Kazi unayotaka idumu ipeleke kwenye ukuta ambao mwenyewe hana sababu ya kuuza. Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu huku Kilimanjaro, mwishoni mwa miaka ya 1950 alichora kuta za kanisa la Murang'a kule Kenya, habari za Yesu tangu kuzaliwa mpaka msalabani, ila watu ni Waafrika na vilima nyuma yao ni vya Wakikuyu. Lile kanisa lilimtaka na lilijua linataka nini, na waumini wanaziona zile picha Jumapili baada ya Jumapili. Hakuna wakala anayekwenda pale na rola. Kwako Magu makanisa hayapo? Zahanati haina ukuta wa kliniki ya mama na mtoto? Shule unazo tayari, ila kama huko nako unachora kwa kujitolea tu uache, kamati ya shule inaweza kukosa hela ya mikono yako, ila ya rangi wazazi wanaweza kuchangishana, umesikia?

Na Bujora iko hapo Kisesa, njiani kabisa ukienda mjini. Kama hujawahi kuingia lile jumba la makumbusho la Wasukuma nenda siku moja, ukaangalie habari za vyama vya ngoma vya zamani. Wale Bayeye, wacheza na nyoka, walikuwa wanachora kuta za ndani za nyumba zao, nyoka na watu, wala hawakuwa wanamchorea mteja. Babu zako hao. Kuna ng'ombe wengine humo kichwani mwako bado hujawatoa, ukirudi utaniambia.

Dar usiende. Sio kwamba ni pabaya. Huyo rafiki yako anakuitia soko la Tingatinga, na Edward Saidi Tingatinga mwenyewe alikuwa mtu wa kijijini Tunduru aliyetoka kutafuta vibarua, akapita mashamba ya mkonge Tanga, akafanya kazi za nyumbani kwa wazungu, kuchora akaanza mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za baiskeli kwenye vipande vya mbao za dari, akauzia Oysterbay. Alichora miaka michache tu, mwaka 1972 polisi wakampiga risasi kwa kumdhania mtu mwingine. Wapo wanaosema ule mtindo wenyewe mizizi yake ni kuta za nyumba za huko kwao kusini, yani alitoka na ukuta wa kijijini akaupunguza ukaenea kwenye kibao. Leo wanaochora kama yeye pale mjini ni wengi mno, chui yule yule, ndege yule yule, na wewe utafika uwe mtu wa mwisho kwenye foleni, unalipa kodi ya chumba Dar kwa kumwiga mtu ambaye hakumwiga mtu. Magu kituo kizima kinaitwa kwa ng'ombe wako. Huko Dar utaitwa nani?

Mke wako hajakosea. Amekuona unamaliza laki na themanini kwenye ukuta wa mjomba wakati unga unakopwa, angecheka? Hela ya wakala ikiingia ile nusu ya kwanza mkabidhi yeye, awe mweka hazina, wewe uombe ya rangi na nauli kwake. Utashangaa jinsi "tutaelewana" zitakavyopungua, maana kila mteja utamwambia subiri nimuulize mama watoto.

Usianze na duka la mjomba. Anza na la mbali kabisa uje ukirudi huku, mkono ushike kasi, hela ianze kuingia, hasira ishuke, la mjomba liwe la kumi na mbili. Na kama mvua bado zinanyesha huko mwambie wakala asubiri, ukuta uliolowa haupakwi. Gusa kwa kiganja, ukisikia ubaridi bado una maji ndani. Ukipaka hivyo hivyo kwa kumwogopa, mwezi wa kumi na moja itabanduka tena na safari hii hakuna vijana wa pikapu wa kulaumu.

Shangazi